Pindua fremu kwanza, stika utaisoma baadae

Fremu yangu ya kwanza ya baiskeli ya zamani niliinunua kwa sababu ya stika. Ilikua imeandikwa Reynolds 531 (paipu za chuma za ubora za Kiingereza) kwenye paipu ya kiti, nikajua leo nimeokota dhahabu, sikupima kitu, nikalipa nikaondoka haraka kabla muuzaji hajashtuka. Kumbe wa kushtuka nilikua mimi. Nimefika nyumbani nachomoa nguzo ya kiti naweka vernia, kile kipimo cha unene, milimita 25.8. Anayejua haya mambo akiona hiyo namba anaanza kucheka hapo hapo.

Iko hivi. Paipu ya kiti kwenye fremu nyingi za Kiingereza na Kiitaliano kwa nje ni milimita 28.6 (Wafaransa wa zamani walikua na yao, 28 kamili). Kama paipu ni nyembamba ya ubora, ndani inabaki nafasi ya nguzo ya 27.2 au karibu na hapo. Ukikuta nguzo iliyoenea vizuri ni 25.8 maana yake ukuta wa paipu ni mnene, hilo ni bomba la maji limepakwa rangi. Stika ilikua mpya kabisa, mtu kaibandika juzi. Na hata zile za ukweli inabidi uzisome neno kwa neno, maana 531 imeanza 1935 kule Birmingham na stika zake ni za aina aina, kuna zinazosema paipu 3 kubwa tu ndo 531, na kuna zinazosema mpaka foku (uma unaoshika tairi la mbele) na vyuma vya nyuma. Tofauti kubwa sana hiyo.

Fremu ya pili haikua na stika hata moja. Imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, michirizi imekaukia hapo hapo, ila viungio vyake, zile lagi zinazoshika paipu kwenye kona, hata chini ya rangi ile mbovu ulikua unaona zimepigwa tupa kwa mkono, kingo nyembamba mpaka unaogopa kuzigusa. Nikasema hii sasa naanzia chini, kwenye kile kibomba kifupi ambacho ekseli ya krenki inapita, maana hapo ndo pasipoti ya fremu ilipo. Ya Kiingereza ina upana wa milimita 68 na kipenyo cha inchi 1.37, ya Kiitaliano ina upana wa 70 na kipenyo cha 36, Kifaransa cha zamani ni 68 pia lakini kipenyo 35 na hatua ya thredi ni milimita 1.

Najua haya yote. Alafu siku yenyewe sikupima.

Nilikua nimezoea za Kiingereza, ambazo kikombe (kinachoshika beringi za krenki) cha upande wa cheni kina thredi ya kushoto, yaani kukifungua unazungusha kufuata saa. Basi mi nikaingia na akili hiyo hiyo, spana ikagoma, nikapaka mafuta ya kulegeza nikasubiri usiku mzima, kesho yake nikachomeka bomba kwenye spana nikaning'inia, nikagonga nyundo, nikapasha moto, jasho linanitoka namlaani fundi aliyekifunga. Siku 2. Siku ya tatu ndo nikachukua vernia, 70. Ni Kiitaliano, thredi ya kulia pande zote mbili, kwahiyo siku 2 zote nilikua nakaza. Nikageuza upande, ikalia kaa! kikatoka. Na tuseme ukweli Waitaliano hapo waliteleza, kile kikombe cha kulia kwa thredi ile kinapenda kujilegeza chenyewe ukiwa unaendesha, Waingereza waliweka ya kushoto kuzuia hicho hicho.

Ushahidi mwingine nikaupata nilipochomoa foku. Ukichungulia ndani ya shina lake, chini kabisa karibu na taji (pale miguu ya foku inapoungana), unaona matuta 5 yanapanda kwa kuzunguka kama ndani ya mtutu wa bunduki. Hizo ni paipu za Columbus za Milan, aina za SL au SP, na hilo huwezi kulibandika kama stika. Paipu ya SL ina unene wa milimita 0.9 kwenye ncha, pale inapopikwa na moto wa kuunganishia, katikati inashuka mpaka 0.6. Hiyo 0.6 ikariri, narudi kwayo sasa hivi.

Kitu ambacho kinawadanganya wengi ni jina la Campagnolo (kampuni ya Italia ya vipuri vya baiskeli) lililogongwa kwenye masikio ya nyuma yanayoshika tairi. Wanaona hilo wanasema ni ya Italia. Hapana bana, masikio yale waliuziwa mafundi kila mahali, Uingereza, Marekani, wapi sijui, yanakwambia tu kwamba fundi hakua bahili. Lagi nazo hivo hivo, Nervex za Ufaransa utazikuta kwenye baiskeli ya Schwinn Paramount ya Kimarekani. Na yule mtu anayesoma PATENT-78 kwenye derela ya nyuma (kile kinachohamisha cheni kwenye gia) akatangaza fremu ni ya 1978, huo ni mwaka wa derela, na derela inafunguliwa kwa boliti moja. Mimi niliangalia nafasi kati ya masikio, 126, hiyo ni ya gia 6 au 7 nyuma, zile za gia 5 zilikua 120.

Kabla ya kugusa rangi nikapitisha kidole chini ya paipu ya chini, nyuma tu ya ile fupi inayoshika foku. Fremu iliyogonga kitu inakua na mkunjo mdogo hapo, jicho linaukosa ila kidole hakiukosi. Ilikua safi. Nikafunga uzi kutoka sikio moja ukazunguka mbele ukarudi sikio la pili, nikapima umbali wa uzi na paipu ya kiti kila upande, tofauti haikufika milimita 1.

Sasa ile 0.6. Watu wanachukua grainda yenye diski ya msasa wanatoa rangi kwa dakika 10, na kweli inatoka, pamoja na chuma na zile kingo za lagi ambazo fundi alikaa nazo na tupa masaa. Mi nilitumia dawa ya kutolea rangi na kijiti cha mti, taratibu, na chini ya nyeusi ikatokea nyekundu ya zamani, chini ya foku kuna kromu. Nikaacha hapo hapo. Ina makovu, sehemu kutu imekula, hizo nililoweka kwenye asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji, usiku mmoja (vaa glovu, ni sumu, na usiifanyie ndani), inakula kutu bila kuumiza sana rangi wala kromu, unasuuza unakausha haraka. Alafu ndani ya paipu nikamwaga mafuta ya kitani nikaizungusha fremu kila upande, yanaganda yanakua kama ngozi. Rangi ya unga sikutaka hata kuisikia, inafukia kingo zote.

Sasa hivi inatembea. Kikombe cha kulia nimekipaka gundi ya thredi nikakikaza kwa nguvu zangu zote, safari hii upande sahihi, nikachora alama ya kalamu kwenye kikombe na kwenye fremu nione kama kinahama. Wiki ya kwanza alama zilikua zinaangaliana. Jana zimeachana kama upana wa kucha.