Jinsi ninavyochagua ndimi za ridi kwa injini ya mipigo miwili ya kasi

Injini ya mipigo miwili ikivuta vizuri halafu ikazimika nguvu ghafla kule juu, wengi hukimbilia kabureta au ekzosi. Mimi siku hizi naanza na ridi, yaani valvu za ndimi nyembamba zinazoruhusu mchanganyiko wa hewa na petroli kuingia kwenye nyumba ya krenki na kuuzuia usirudi, kwa sababu kuzitoa ni kazi ya boliti chache tu na zenyewe zinasema mengi.

Kizimba, yaani fremu inayobeba ndimi hizo, kikishatoka, nakielekeza kwenye mwanga. Ndimi zikae bapa juu ya viti vyake. Fila geji (kibati cha kupimia mwanya) ya 0.2 mm ikipenya chini ya ncha, ulimi huo nautupa. Kisha naangalia pembe. Ncha zilizomeguka au kuchanika nyuzi zina maana kwamba ulimi ulikuwa unapapatika: injini inaenda mbio kuliko unavyoweza kujirudisha. Kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, ulimi unapaswa kufunguka na kufunga takriban mara 167 kila sekunde. Ukichelewa, mchanganyiko uliokwisha kuingia kwenye nyumba ya krenki unarudi nyuma kupitia kabureta, na utaona kichujio cha hewa kimelowa petroli.

Hapo ndipo unene unapoingia, na ndipo nilipokosea zaidi mwanzoni. Nilidhani 0.05 mm si kitu. Kumbe ukakamavu hufuata unene kwa kipeo cha tatu: kutoka 0.30 mm kwenda 0.35 mm, ulimi wa aina ileile unakuwa mgumu kwa karibu asilimia 59 zaidi, na ukifika 0.40 mm ugumu umepita mara mbili. Urefu ulio huru, yaani kuanzia kwenye ukingo wa bamba la kubana hadi nchani, nao una kipeo chake cha tatu, ila kinyume: ukipunguza asilimia 10, ugumu unapanda kama asilimia 37. Kwa hiyo napima vyote viwili, unene kwa maikromita na urefu kwa vania, kabla ya kununua chochote. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti haitoshi.

Usilinganishe unene wa vifaa tofauti. Kaboni ya 0.30 mm ni ngumu kuliko faiba ya kioo ya 0.30 mm, tena nyepesi zaidi, ndiyo maana inahimili mizunguko mikubwa. Chuma hudumu, lakini kikivunjika kipande kinaingia kwenye silinda na kuchana pistoni; kwa injini ya mashindano sikitumii kabisa. Faiba ya kioo ndiyo ninayofanyia majaribio, kwani ni rahisi kukata kwa mkasi mkali. Kingo nazimalizia kwa msasa wa maji namba 600, na pembe nazivungusha kidogo, maana ufa huanzia kwenye pembe kali.

Utaratibu wangu ni kuanza na ndimi nyembamba, kisha kupanda hatua kwa hatua mpaka ule mgomo wa juu upotee, na kuishia hapo. Ukizidisha, injini inakuwa nzito kuamka chini na katikati, kwa kuwa mvuto mdogo wa nyumba ya krenki hauwezi kuinua ulimi mgumu. Kizimba chenye piramidi mbili kinapunguza mvutano huo kati ya nguvu ya juu na ya chini: ndimi ni nyingi zaidi, kwa hiyo kila mmoja unafunguka kidogo tu. Kama bajeti inaruhusu, ningeanza nacho kabla ya kuhangaika na unene.

Kufunga: skrubu ndogo za ndimi nazipaka gundi ya kuzuia skrubu kulegea na kuzikaza kwa 1 Nm hivi, si nguvu ya mkono mzima. Skrubu ikilegea, inaelekea kwenye krenki. Gasketi ya kizimba naweka mpya, kwa sababu hewa ikivuja hapo mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo na pistoni inaungua.

Hatari hiyohiyo inakuja hata bila uvujaji. Ndimi zilipokuwa zinapapatika, hewa ilipita kwenye kabureta kwenda na kurudi, kila safari ikibeba petroli zaidi. Zikishafunga sawasawa, petroli inapungua ghafla bila kugusa kabureta. Kwa hiyo naweka jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopima petroli injini ikivuta kwa nguvu) kubwa kwa namba moja au mbili, nakimbiza injini kwa nguvu zote, nazima na kuvuta klachi papo hapo, halafu nasoma rangi ya plagi kabla ya kuanza kushusha namba ya jeti.