Nilivyouzunguka Mji Mkongwe bila kutoa hata mia

Nauli ya boti ya kurudi Dar es Salaam, nauli ya basi mpaka Tabora, na elfu chache za kula njiani. Hizo ndizo zilizobaki mfukoni, na nilikuwa nimeapa kutozigusa. Nilikuja Unguja kumwona mtoto wa mdogo wangu, aliyezaliwa wiki tatu kabla. Zawadi zilishatolewa, dua zilishaombwa, na mbele yangu ilibaki Jumapili nzima kabla ya boti ya Jumatatu.

Nafundisha historia sekondari, huu mwaka wa 19. Ile ramani ya njia za misafara nimeichora ubaoni mpaka mkono unaijua wenyewe: Ujiji, Tabora, Bagamoyo, kisha nukta moja baharini iitwayo Unguja. Nukta hiyo sikuwahi kuikanyaga. Sasa nipo, na sina pesa ya kiingilio cha jumba lolote.

Mdogo wangu ni seremala, anakaa Mwanakwerekwe. Usiku ule aliniambia, "Kaka, usiumize kichwa. We tazama milango. Milango yote iko nje." Akanichorea kwa penseli mlango wa Kizanzibari na kunitajia viungo vyake: miimo huku na huku, kizingiti juu, na katikati mfaa, ule mti uliosimama unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Shemeji akanijazia chupa ya maji na kunifungia mihogo ya kuchemsha. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vespa ilinishusha Darajani.

Darajani hakuna daraja. Zamani mkono wa bahari ulipenya ukautenga Mji Mkongwe na upande wa pili, watu wakivuka kwa daraja. Mkono ule ukafukiwa, jina likabaki. Ndiyo maana upande ule mpaka leo unaitwa Ng'ambo, ingawa unavuka barabara tu. Nilisimama mbele ya soko la mwaka 1904 na paa lake la vigae, nikaona kwamba majina yatanifundisha kama milango. Mkunazini, mahali pa mkunazi. Sokomuhogo, halihitaji maelezo. Kajificheni, hapo nilijiuliza nani alimwambia nani akajifiche, na kwa sababu gani.

Jambo la kwanza nililotaka ni misa. Nilipokuwa kwenye boti niliiona wazi minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu ikipita mapaa yote, nikadhani kulifikia ni jambo la dakika tano. Ukishaingia vichochoroni minara inapotea. Kuta ziko karibu mno na ghorofa ni ndefu; unachokiona juu ni utepe wa mbingu. Nilizunguka karibu nusu saa, mara mbili nikitokea duka lilelile. Kumbe dawa ni kuuliza "Minara Miwili", siyo jina la mtakatifu. Mtoto aliyebeba mikate akanipeleka mpaka mlangoni, akaondoka mbio kabla sijamaliza kushukuru.

Kanisa hilo lilijengwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa katika miaka ya 1890. Kwetu Tabora imani ilikuja na wengine, Mapadri Weupe, ambao msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Lakini nao walipitia kwanza hapa Unguja, wakanunua mahitaji na kutafuta wapagazi. Nilikaa benchi la nyuma, nikaitazama michoro ya juu ya altare, nikawaza kwamba babu wa babu yangu huenda alibeba sanduku la mmojawapo. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa kulipwa, hilo huwa nawasisitizia wanafunzi sana, kwa sababu vitabu vingine huwachanganya na watumwa katika sentensi moja.

Baada ya misa niliacha kuogopa kupotea. Mji Mkongwe ni rasi ndogo: bahari pande mbili, upande wa tatu barabara ya Darajani. Ukifuata kichochoro bila kukata tamaa utatokea majini au utatokea barabarani, basi. Tangu hapo sikuuliza njia tena, niliuliza habari. Na vichochoro vile vyembamba vina hisani yake, kwani mpaka saa sita mchana nilikuwa bado natembea kivulini. Cha kuangalia ni vespa na baiskeli. Ukisikia kengele, ukutani.

Vijana wanaoongoza wageni, ambao wenyeji huwaita mapapasi, walinijia mara tatu. Niliwasalimia vizuri, nikawaambia ukweli: mimi mwalimu kutoka bara, sina cha kuwapa, natembea tu. Mmoja wao ndiye aliyenielekeza kwenye nyumba ya Tippu Tip pale Shangani, akakataa hata asante ndefu.

Nyumba ile ilinikalisha kimya. Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alifariki mjini hapa mwaka 1905. Baba yake aliishi kwetu Unyanyembe na kuoa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Pembe za ndovu zilizopita Tabora ndizo zilizolipia mbao, chokaa na mafundi wa kuchonga mlango mzito niliosimama mbele yake. Sikuhitaji kuingia ndani. Niligusa mwimo kwa kiganja. Ulikuwa na ubaridi kama wa jiwe.

Na hapo nikauona mnyororo. Mdogo wangu alikuwa amenionyesha kwenye mchoro: pete zilizochongwa moja ndani ya nyingine, zikiuzunguka mlango pembeni. Milango mingi inao. Karibu yake kuna mawimbi, samaki kule chini, maua ya yungiyungi, matawi ya mtende. Nilianza kuitofautisha. Ile ya zamani ya Kiarabu imenyooka juu, kizingiti kimejaa maandishi au maua. Ile yenye upinde juu na vipande vidogovidogo vya mraba ni ya mtindo wa Kihindi. Misumari mikubwa ya shaba yenye ncha ina asili ya Bara Hindi, ambako ilikusudiwa kuzuia tembo wasisukume lango. Unguja hakuna tembo wa kusukuma mlango, ila tajiri alitaka wapita njia wajue kwamba ni tajiri. Huo ndio uzuri wake kwa mtu kama mimi: mwenye nyumba aliutengeneza mlango usomwe na aliye nje.

Mtaa wa Kiponda nilisimama mbele ya mlango mmoja nikinakili namba za Kiarabu zilizochongwa juu. Mzee aliyekuwa amekaa barazani akanitazama kwa muda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Waandika nini mwanangu?"

Nikamwonyesha daftari. Nilikuwa nimeandika moja na tatu, halafu kiduara nikakihesabu kuwa sifuri. Akatikisa kichwa. "Sifuri ni hiyo nukta, ambayo hukuiandika. Hicho kiduara ni tano. 1305." Akanikaribisha kitako, akachukua kalamu na kuniandikia zote kuanzia moja mpaka tisa. Kisha akaniuliza hesabu, maana nilikuwa nimejitambulisha kuwa mwalimu: mwaka wa Hijria unaugeuzaje kuwa wa Miladia? Hilo nilikuwa nalo. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo unazidisha kwa 0.97 kisha unajumlisha 622. Tulipiga hesabu pamoja: 1887 au 1888. Karibu na mwisho wa enzi ya Sayyid Barghash, sultani wa Unguja. Mzee akaugeukia mlango kama aliyeletewa habari za ndugu.

Baraza lenyewe ni benchi la jiwe lililojengwa pamoja na ukuta. Alinieleza kwamba mvua za masika zikishuka na kichochoro kikawa mto, watu hupita juu ya mabaraza. Aliniambia pia kwa nini vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba: dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Miaka 19 nafundisha biashara ya boriti, sikuwahi kufikiri kwamba mti mmoja unaweza kuamua upana wa sebule ya sultani.

Nilimwuliza kuhusu mnyororo. "Huo wa kuilinda nyumba na shari," alisema. Nikapokea. Kisha akasema twende Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, akaninunulia kahawa chungu na kashata. Nilipojaribu kukataa alikunja uso kweli kweli. Wazee pale walikuwa wakibishana siasa na mpira kwa wakati mmoja, nami nikaulizwa bei ya asali Tabora.

Mchana niliutoa kwa upande wa bahari. Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, uwanja wake wa ndani ulikuwa wazi, nikala mihogo yangu huko chini ya kivuli cha ukuta. Jirani yake Beit el-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, liliniumiza. Sehemu ya mbele iliporomoka na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020. Wanafunzi wangu wanalijua kwa picha, jumba zima. Nami nimefika nikiwa nimechelewa. Kutoka hapo hadi Mti Mkubwa wa Mizingani ni dakika chache za miguu, na ndipo nilipoelewa vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vile vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia. Kasri liko pale pale ufukweni. Manowari za Kiingereza hazikuhitaji kulenga.

Mkunazini niliiacha mwisho, makusudi. Soko la watumwa lilifungwa mwezi Juni 1873, na mwaka huohuo likaanza kujengwa juu yake kanisa kuu la Kianglikana, chini ya Edward Steere, yuleyule aliyeandika kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili. Kuna kiingilio, na hapa tu siku nzima ndipo nilipotamani zile fedha za nauli. Siku nikirudi nitalipa. Mahali kama pale pasitazamwe bure bure. Nilisimama nje ya ukuta, kofia mkononi, nikawaombea waliotoka Unyanyembe, Manyema na Ziwa Nyasa wakaishia hapo. Ule mnyororo wa miimoni niliuona tena machoni. Mzee aliniambia ni wa ulinzi, na namwamini kwamba ndivyo mchongaji alivyokusudia. Lakini mimi natoka upande ule mwingine wa njia, na macho yangu hayakukubali.

Jioni Forodhani ilikuwa imejaa. Vijana walikuwa wakipiga makachu, wanakimbia ukutani na kujirusha baharini, wengine wakipinduka mara mbili hewani kabla ya maji kuwapokea. Nilikaa na harufu za mishikaki na urojo bila kununua, mpaka adhana ya magharibi ikatoka misikiti mingi kwa pamoja.

Nyumbani mdogo wangu alilichukua daftari, akapitia michoro yangu ukurasa kwa ukurasa chini ya taa. "Hapa umekosea kaka, mfaa unabaki upande mmoja mlango ukifunguliwa, haukatwi kati." Akafuta, akachora upya. Alipofika kwenye namba za mzee alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie mwaka aliozaliwa mtoto. Nikamwandikia polepole, nukta mahali pa sifuri. Asubuhi nilipokuwa nafunga begi nilikuta ameuhamishia kwa penseli kwenye ubao wa mninga, tayari kwa patasi.