Siku moja maishani mwangu: daktari wa moyo

Saa 1 asubuhi. Wodini naanza na mizani, faili baadaye. Mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kusukuma damu hupimwa uzito kila asubuhi, akishakwenda haja ndogo na kabla hajala. Mzee wa kitanda cha dirishani amepungua kilo 1 tangu jana. Furosemidi inamtoa maji. Nikimbonyeza juu ya kifundo cha mguu kishimo bado kinabaki, ila si kama cha juzi. Naangalia potasiamu, moja ya chumvi za damu, na figo pia, maana maji yakitolewa kwa pupa figo ndizo zinazoumia.

Saa 3. Kliniki. Kila mtu namuuliza: "Unalalia mito mingapi?" Aliyezoea mmoja akiniambia sasa ni mitatu, au kwamba hukurupuka usiku akitafuta hewa, tayari najua pa kuanzia.

Saa 4 na nusu. Mama wa miaka sabini na kitu, ameletwa na binti yake.

"Daktari, mama anachoka tu. Ni umri."

"Ngazi nazipanda kwa kupumzika katikati," mama anasema. "Na juzi nilizimia."

Neno hilo la mwisho limenifanya niweke kalamu chini. Nikisikiliza juu ya kifua upande wa kulia, mvumo ni mkali na unapanda hadi shingoni. Mapigo ya shingo ni hafifu, yanachelewa kufika. Namwambia, "Mama, huu si umri. Kuna mlango wa moyo haufunguki vizuri." Watu wengi mno hufika wakiwa wamechelewa kwa sababu uchovu wao ulipewa jina la uzee, na hilo linaniuma.

Saa 6. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inathibitisha: damu inapita kwenye vali ya aota, mlango wa kutokea moyoni kwenda mwilini, kwa mita 4.6 kwa sekunde, na tundu limebaki sentimita za mraba 0.7. Kuanzia mita 4, au tundu likiwa chini ya sentimita ya mraba 1, tunahesabu imebana vibaya. Hakuna kidonge cha kuilegeza vali iliyokakamaa kwa chokaa, na mtu akishaanza kuzimia hatuna muda wa kungoja. Vali ibadilishwe: kwa kupasua kifua, au kwa kupitisha mpya kwenye mshipa wa paja, njia ambayo daktari wa moyo Alain Cribier aliitumia kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 2002, Ufaransa.

Saa 8. Kijana ambaye nguvu ya moyo wake, yaani sehemu ya damu unayoisukuma nje kila pigo, ilikuwa asilimia 25, sasa 45. Anataka kuacha dawa kwa kuwa amepona. Nakaa naye muda mrefu kuliko ratiba inavyoruhusu. Moyo umepata nafuu kwa sababu ya dawa hizo. Wengi wanaoziacha hurudi walikotoka ndani ya miezi. Anakubali kuendelea na zote 4.

Saa 10. Simu. Mgonjwa ameongezeka kilo 2 kwa siku tatu. Aje leo, asingoje miadi.

Saa 11. Kikao na wapasuaji kuhusu yule mama. Tunataka CT kwanza, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, ipime vali na mishipa ya paja. Namrudia binti wodini: mama asitoke kitandani bila mtu kumshika, na asipewe dawa yoyote ya presha waliyokuja nayo mpaka niione.