Nilivyomweleza mwanangu kwa nini tunapiga hodi

Mwanangu yuko skuli ya maandalizi hapa Wete, Pemba, na kila katazo ana swali lake. Kwa nini nipige hodi na mlango uko wazi? Kwa nini nisiingie na viatu? Sikutaka kumjibu kuwa ndivyo watu wafanyavyo. Jibu hilo mtoto hulifuata ukiwa unamtazama tu.

Nilianza kwa kumtenganishia. Kumpiga mwenzio kunaumiza, kwa hiyo ni kubaya popote. Kuvua viatu ni jambo tulilokubaliana. Elliot Turiel, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1983 kwamba watoto hupambanua aina hizi mbili mapema. Nikamjaribu wangu: mwalimu akiruhusu viatu darasani, sawa? "Sawa." Akiruhusu kupigana je? "Hapana! Si ataumia!"

Kazi ikawa kumfahamisha kwa nini tushike makubaliano ikiwa yanaweza kubadilika. Hapo barabara ilinisaidia. Kwetu gari hupita kushoto, Ufaransa hupita kulia, na hakuna aliyekosea. Tulikaa barazani na vigari vyake vya makopo, cha kwake kikashika kushoto, changu nikakipeleka upande huohuo kutoka mbele yake. Vikagongana. Akanisukumia changu upande wa pili, akaniambia, "Mama, wewe pita huku, sote tupite kushoto kwetu." Nilifurahi mno, maana kanuni ile aliitunga mwenyewe.

Hodi tuliicheza pia. Yeye ndani, mimi nje. Nilimwambia mwenye nyumba huenda anaoga au hajajifunga kanga, basi ruhusa ni yake. Nikabisha mara tatu kama Mtume alivyofundisha, naye akanyamaza makusudi. Nikaondoka. Akatoka mbio: "Karibu, mama, karibu!"

Kula kwa mkono wa kulia sikukutia katika makubaliano ya watu. Hiyo ni sunna, nami nilimwambia hivyo hivyo. Kula mbele yako nako ni sunna, ila kwenye sinia sababu yake anaiona: mkono ukivuka, umegusa sehemu ya mwenzio.

Bibi yake anaona maelezo yote haya ni mengi, mtoto aambiwe atii. Namheshimu, lakini naendelea. Kilichobaki ni shikamoo, maana mbele ya wageni huona haya akajificha nyuma yangu. Simlazimishi. Naamkia mimi kwanza, kwa sauti, kisha namsubiri.