Mafunzo tarajali kwenye nyaraka za shirika la misaada: nilivyoyapata na nilivyoyamudu

Nikisema nilifanya mafunzo tarajali kwenye shirika la misaada ya kibinadamu, swali la kwanza huwa ni nilikuwa kambi gani. Sikuwa kambini. Nilikuwa Geneva, chini ya ardhi, kwenye chumba kisicho na dirisha ambacho joto lake halizidi nyuzi 18 hata Agosti, nikiwa na penseli, brashi laini na masanduku ya karatasi za wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Tanzania baada ya mauaji ya 1972. Jina la shirika silitaji. Nilitia sahihi fomu ya kutunza siri, na isitoshe ninachotaka kueleza hapa hakitegemei jina.

Wanafunzi wetu hawaombi nafasi hizi, na mimi naona ni hasara. Historia yetu imelala kule kwa wingi. Wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitembelea kambi za mahabusu wa Mau Mau mwaka 1957 na 1959, na mambo yaliyoandikwa kuhusu ziara hizo yanatafutwa Geneva. Kamati hiyohiyo ina kadi zipatazo milioni 7 za mateka wa Vita Kuu ya Kwanza, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2007. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, limekuwa likikusanya majalada tangu 1951, na Tanzania imo kwa miaka mingi. Halafu kuna mashirika ya makanisa na mengine madogo yaliyofanya kazi ya mikono: kuchimba visima, kugawa mbegu, kujenga shule. Hayo ndiyo yenye masanduku ambayo hayajafunguliwa kabisa.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya historia palepale Geneva. Hilo lilinirahisishia, maana mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi Uswisi saa 15 kwa wiki baada ya kukaa miezi sita, na mafunzo yakiwa sehemu ya masomo mambo hulegea kidogo. Barua zangu za mwanzo zilikuwa zile za kawaida: nina ari, napenda kusaidia binadamu, nafanya kazi vizuri na wenzangu. Hakuna aliyejibu, na nikizisoma leo siwalaumu. Iliyofanikiwa ilikuwa na aya tatu tu. Nilikuwa nimeingia kwenye orodha ya nyaraka za shirika hilo mtandaoni, nikakuta mstari mmoja wa Kifaransa uliosema, kwa maana, “Tanzania, mengineyo, 1973 hadi 1985”. Hakukuwa na maelezo mengine. Nikawaandikia kwamba, kwa kukisia, sehemu ya karatasi hizo ni ya Kiswahili, kwamba nasoma Kiswahili cha mashine ya chapa na cha mkono, na kwamba ningependa kuandika maelezo yanayokosekana. Waliniita kwenye usaili wiki hiyohiyo. Anayetaka nafasi ya namna hii naye afanye hivyo: asome orodha yao, atafute mstari mwembamba kuliko yote, aseme atafanya nini nao.

Posho nililipwa, si nyingi, ila ilitosha chumba cha kuchangia na tiketi ya mwezi ya tramu. Nalisema hili kwa makusudi kwa sababu mashirika mengi ya mji ule yamewahi kuchukua wanafunzi bure, na mwaka 2015 dunia nzima iliona picha za kijana wa New Zealand aliyekuwa analala kwenye hema karibu na ziwa huku akifanya mafunzo yasiyo na malipo Umoja wa Mataifa. Kwa mwanafunzi aliyetoka Morogoro, nafasi isiyo na posho ni sawa na kutopewa nafasi. Ukiulizwa kwenye usaili kama una swali, uliza hela. Hawashangai.

Kazi yenyewe huanza na kutu. Ofisi ya Tanzania ilipofungwa, makaratasi yalipakiwa yalivyo na kusafirishwa, na pini za stepla za miaka ya sabini zilikuwa zimeshaota kutu hadi zimechora alama za kahawia kwenye karatasi. Unainyoosha miguu ya pini kwa kijisu kisicho na makali, unaivuta polepole, unapiga brashi, unahamia inayofuata. Glavu za pamba zile za kwenye filamu hatukuvaa isipokuwa kwa picha. Mikono mikavu iliyooshwa inahisi karatasi vizuri zaidi. Karatasi ngumu kuliko zote zilikuwa nakala za kaboni, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ofisi ya kule makazini ilikuwa inatuma barua yenyewe na kubaki na kivuli chake, kwa hiyo mara nyingi nilichokuwa nashika ni kile kivuli, herufi zake za bluu zimetawanyika.

Mambo yalikuwa magumu pale nilipofika kwenye mpangilio. Wahifadhi nyaraka wana kanuni waliyoirithi kwa Wafaransa, ya mwaka 1841, kwamba nyaraka za ofisi moja zisichanganywe na za nyingine. Pamoja nayo ipo ya pili: ukiweza kugundua mpangilio wa mwenyewe, uurudishe, usibuni wako. Sasa masanduku yangu yalikuwa yamemwagwa. Barua ya Katumba, mojawapo ya makazi ya wakimbizi, inalala juu ya hesabu ya matairi, chini yake ripoti ya zahanati ya Ulyankulu, makazi mengine. Msimamizi wangu, mama wa Kiswisi mwenye miaka mingi kazini, alikuwa ameshaamua kwamba mpangilio wa awali umepotea na tupange kwa mada: maji, kilimo, elimu, afya. “Madame,” nikamwambia, “nipe siku chache kwanza.” Nilikuwa nimeona namba.

Juu kabisa, pembe ya kulia, karatasi nyingi zilikuwa na namba ya wino mwekundu ndani ya duara. Wenzangu walizichukulia kuwa namba za kurasa zilizoandikwa ovyo, kwa sababu barua ya kurasa nne ilikuwa na namba ukurasa wa kwanza tu, halafu barua nyingine kabisa inaendelea na namba inayofuata. Mimi nilikuwa nimeziona mahali, ila sikuweza kuueleza utaratibu wake. Jioni nikampigia simu mama yangu mzazi, ambaye alistaafu akiwa mtunza kumbukumbu kwenye masjala ya wilaya.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Umekula?”

Nikamsomea namba. Hakuniacha nimalize. “Hiyo ni folio, baba. Haihesabu kurasa, inahesabu barua. Iliyoingia inapewa folio, iliyotoka inapewa folio, zote kwa mfuatano mmoja. Angalia pembeni, utakuta mtu kaandika kwa penseli rejea folio fulani. Na dokezo, yale maoni wanayoandikiana wa ofisini, zinakaa upande wa kushoto wa jalada, hazina folio.” Kisha akauliza hao waliosoma Ulaya wanafundishwa nini.

Basi ndiyo ilikuwa ufunguo. Makazi ya wakimbizi yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na makarani wa mradi walifuata desturi ya masjala za serikali, ambayo nayo tuliachiwa na Waingereza. Kila barua ilikuwa na “Kumb. Na.” inayoonyesha jalada lake na folio inayoonyesha nafasi yake ndani ya jalada. Nilitandika karatasi kwenye meza ndefu kama mtu anayeanika dagaa, nikazikusanya kwa kumbukumbu namba, kisha kwa folio. Majalada yakaanza kurudi. Palipokuwa na pengo, folio 31 halafu 34, niliandika pengo. Hilo nalo ni taarifa: mtafiti atajua kuna barua mbili hazipo, badala ya kudhani hazikuwahi kuandikwa. Madame alikuja akasimama mezani, akasoma folio kumi hivi kwa mfuatano, akafuta mpango wake wa mada ubaoni. Hakusema neno zaidi ya “bon”, yaani sawa.

Mpangilio uliporudi, mambo ambayo mada zisingeonyesha yakajitokeza. Ulyankulu, mkoani Tabora, ilifunguliwa 1972. Katumba, huko Mpanda kwenye njia ya reli, ikafuata 1973. Ulyankulu watu walijaa kuliko ardhi na maji vilivyoweza kubeba, na hatimaye sehemu yao wakahamishiwa makazi mapya ya Mishamo mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini. Hayo utayasoma kwenye vitabu kwa aya moja. Kwenye jalada unayaona yakija kidogokidogo: fundi wa maji anaandika kisima kinatoa maji machache, folio inayofuata mkuu wa makazi anaomba uvumilivu, mbele kidogo kamati ya kijiji inaandika kwa mashine yenye herufi “a” iliyopinda kwamba akina mama wanaamka usiku kupanga foleni, kisha kimya, kisha orodha ya malori. Ukizitenga hizo, kisima kikaenda “maji” na malori yakaenda “usafiri”, hadithi imekufa.

Barua za wakimbizi wenyewe nyingi zilikuwa Kiswahili, cha heshima na cha wakati ule: “Ndugu Mkuu wa Makazi”, “Yah: Maombi ya kuhamia Katumba”, na mwisho “Wako katika ujenzi wa Taifa”, sentensi ambayo hata sasa inanipa shida kidogo, mtu asiye na taifa kwa wakati huo akiitumia kama kawaida. Moja ilikuwa ya mwanamume aliyetaka kuhama Ulyankulu kwa sababu amesikia mdogo wake yuko Katumba. Barua ilikuwa kwenye “mengineyo”. Jibu lake, la Kiingereza, lilikuwa kwenye sanduku jingine kabisa lililoandikwa kwa Kifaransa “kuunganisha familia”, na jibu lilisema mdogo mtu amethibitika yupo, aruhusiwe. Kumbukumbu namba zilikuwa zinalingana. Kwa zaidi ya miaka thelathini swali na jibu vilikaa kwenye rafu mbili, kwa kuwa lugha moja ilisomeka na nyingine haikusomeka.

Hapo ndipo tulipobishana kwa kweli. Nilitaka kichwa cha kila jalada kibaki kama karani alivyokiandika, Kiswahili kwa Kiswahili, na maelezo ya Kifaransa yafuate chini. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba watafiti wengi hawatafuti kwa Kiswahili. Nikajibu kwamba hawatafuti kwa sababu hakuna cha kupata. Waliopewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000, wengi ni wale waliokuja 1972 na watoto na wajukuu wao. Wakitaka kujua babu aligawiwa shamba kijiji gani, wataandika “ugawaji wa mashamba”, si maneno ya Kifaransa. Hilo lilipita. Nilichoshindwa ni kuwaomba waweke utangulizi wote kwa Kiswahili. Wakasema hakuna wa kuusasisha nikiondoka, na hapo sikuwa na jibu.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa historia hujifunza kwa uchungu: huwezi kuonyesha kila ulichokipata. Faili zenye mtu mmoja mmoja, ugonjwa wake, kesi yake, nani alimtuhumu nani kwamba alishiriki nini Burundi, hufungwa kwa muda mrefu sana kuliko za visima na mbegu, na wengine waliotajwa bado wako hai. Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo yanayomfikisha mwenye haki kwenye jalada bila kumwanika mtu. “Maombi ya kuhama, 1976 hadi 1978, yana majina na hali za familia” inatosha. Jina halitokei mtandaoni. Picha kwa simu ni marufuku, na simu yenyewe inabaki kwenye kabati la nje. Nilikuwa na sura nzima ya tasnifu ndani ya sanduku moja na niliirudisha rafuni ikiwa imefungwa kwa utepe. Nililalamika nyumbani, siyo kazini, kwa sababu nadhani wako sahihi.

Kwa anayefikiria kuomba: hutahitaji shahada ya ukutubi, ingawa waliopita Bagamoyo kwenye chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka, au waliofanya fildi kwenye masjala yoyote ya halmashauri, wana kitu ambacho wenzao wa Ulaya hawana, na wakiandike kwenye barua bila haya. Kifaransa cha kusoma ni lazima kwa Geneva. Cha kuongea kitakuja. Mgongo utauma. Kuna siku utafungua masanduku matatu ya stakabadhi za petroli.

Nilipoondoka niliacha mwongozo wa kurasa chache wa kusoma folio, dokezo na vifupisho vya masjala. Uliandikwa na mimi, ukasahihishwa na mama kwa simu, na jina lake limo. Kilichobaki ni fungu la barua za Kirundi ambazo sikuweza kuzigusa zaidi ya kuzitoa kutu. Nimeshamwambia rafiki yangu aliyezaliwa Mishamo, anayesoma Dodoma, aombe nafasi ya mwakani. Ameshaingia kwenye orodha na kuuona mstari wenyewe. Bado unasema “mengineyo”.