Shikamoo Sikuiacha

Nilipokabidhiwa saiti ya ghorofa nne hapa Dodoma, injinia mwenzangu wa kiume alinipa ushauri ambao unaniudhi hadi leo: "Acha kuwaamkia hao mafundi, watakupanda kichwani. Foka."

Nikafoka wiki mbili. Fundi nondo mmoja aliona ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozifunga nondo pamoja, zimeachana kuliko mchoro unavyotaka, akanyamaza, kwa sababu aliyeuliza swali jana yake nilimgombeza mbele ya vibarua. Tuligundua mbao za kumwagia zege zimeshafungwa. Kufungua na kurudia kulitula siku nzima na laki kadhaa.

Nikarudi kwenye shikamoo. Fundi mkuu ana umri wa baba yangu, na mimi nimelelewa hivyo.

Siku ya kumwaga slabu nikakuta mashine inatema uji. Vibarua walikuwa wanaongeza maji ili zege liwe jepesi kusambaza, na maji yakizidi zege hukosa nguvu. Nikasema, "Samahani jamani, naona kama maji yamezidi kidogo, sijui mnaonaje?"

Fundi mkuu akacheka. "Dada, kazi hii tumeianza hujazaliwa."

Nilitaka kuamuru, nikauliza. Ukiuliza utajibiwa.

Nikaagiza koni ya kupimia kama zege lina maji mengi, ile ya urefu wa sentimita 30. Nikaijaza kwa mikono yangu, tabaka tatu, kila tabaka nikilishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, taratibu, kazi yote imesimama wananitazama. Nikaivuta juu. Zege likalala chini kama chapati.

"Mzee, hili haliendi juu. Linalofuata, ndoo za maji nahesabu mimi."

Kisha nikafunga mdomo. Hapo ndipo penye kazi, dada zangu. Zamani ule ukimya ningeujaza kwa samahani tatu. Nilihesabu moyoni hadi nane, ndipo akawageukia wenzake: "Mmemsikia injinia."

Vikaoni nikikatizwa nasema "sijamaliza", sauti ile ile, naendelea. Na hoja nzito naipeleka kwa wenye neno kabla ya kikao, mmoja mmoja, maana mwanamume akiisikia mara ya kwanza mbele ya watu ataipinga kulinda heshima yake.

Majibu ya kyubu, vile vipande vya zege vinavyopimwa nguvu baada ya siku 28, yalipotoka maabara, yamefaulu, nilimpelekea fundi mkuu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilianza na shikamoo.

"Marahaba, injinia," akasema, akavaa miwani asome.