Kopo la Bibi

Binti yangu karudi sokoni na dagaa, kawamwaga kwenye sinia, nikajua hapo hapo: kopo la yule muuzaji limebonyezwa kitako. Wenye mchezo huo mnajijua.

Nikamkumbuka Bibi, mwaloni Kibirizi, ufukweni Kigoma, msimu wa mbalamwezi. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikomaa hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na aliyebakiwa na dagaa wakavu ndiye anayepanga bei. Safari hiyo Bibi alibakiwa na gunia moja na kitu. Wachuuzi wa kupakia treni walikuwa wanagombania mpaka chenga. Jirani yetu, mwenye duka, akamletea kopo la zawadi. "Mama, pimia hili. Mwezi huu ni wetu."

Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Akaligeuza. Akapitisha dole gumba kitakoni, palipoingia ndani kama shavu la mzee asiye na meno. Hakusema kitu. Akanituma mchi. Akaliketisha kopo mchangani, akaanza kuligonga kutokea ndani, taratibu, ko, ko, ko, jirani kasimama pale pale na wachuuzi wanatazama. Akigonga kidogo analiinua, analikagua kwa jicho moja, anarudia. Kitako kikanyooka. Hakuacha. Akagonga mpaka kikatokeza nje, ndipo akamgeukia mteja wa kwanza: "Haya baba, lete mfuko." Akajaza mpaka kilele, na nyongeza ya kiganja juu.

Jirani alicheka, nadhani kwa kukosa la kufanya.

Gunia likaisha kabla ya hesabu kutimia. Ada yangu ya shule ikalipwa nusu, nusu ikasubiri giza. Nilinuna wiki nzima.

Ningependa kuwaambia kwamba Bibi alibarikiwa na jirani akafilisika. Wapi! Jirani alijenga nyumba ya pili Mwanga, na wajukuu zake ni watu wema kabisa. Bibi tulimtoa kwenda makaburini kutoka nyumba ile ile ya udongo. Watu walijaa hadi barabarani, lakini hata msiba wa jirani ulijaa, kwa hiyo hicho nacho si kipimo.

Ninachoweza kuapia ni kwamba alikuwa analala. Akigusa mkeka tu, anakoroma, na ada haijatimia. Mimi niko macho kando yake, namchukia kwa kule kukoroma.